Maswali ya Wasomaji: Kuruka kutoka kwenye Paraglaida kwa Parachuti Ndogo

Barua za mwezi huu zimehusu michezo ya angani, na kubwa kuliko zote imetoka kwa msomaji ambaye tayari ana safari mbele yake. Tumeijibu kwa urefu, kisha tukachagua nyingine nne zinazokaribiana nayo.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mkazi wa Kigamboni na nimehitimu mafunzo ya kuruka kwa parachuti kutoka kwenye ndege, huko Diani, Kenya. Rafiki yangu ni rubani wa paraglaida ya watu wawili, lile bawa la kitambaa lisilo na injini ambalo watu huning'inia chini yake. Tumekubaliana kwamba tukienda Iten mwanzoni mwa mwaka ujao atanipakia kama abiria, na tukishapanda vya kutosha nitajiachia na kufungua parachuti yangu. Nimenunua parachuti ya mtumba ya futi za mraba 107, ndogo sana kuliko ile ya 230 niliyojifunzia. Nina kilo 80. Nimeambiwa kwamba paraglaida ni salama kuliko ndege kwa sababu inakwenda polepole. Je, ni kweli? Na nihesabu sekunde ngapi kabla ya kufungua?

JIBU: Ndugu msomaji, huo mwendo wa polepole ndio unaoleta hatari, na ningependa uelewe ni kwa nini kabla hatujafika kwenye sekunde.

Ndege ya warukaji huwa inakwenda kiasi cha kilomita 150 kwa saa unapotoka mlangoni. Upepo huo unakupokea papo hapo, mikono na miguu yako inapata kitu cha kuegemea, na mwili unatulia kama ulivyofundishwa. Paraglaida inakwenda kilomita 35 hadi 40 kwa saa. Ukijiachia kutoka hapo unaangukia kwenye hewa iliyokufa, na kwa sekunde mbili tatu za mwanzo hakuna unachoweza kusahihisha kwa viungo vyako. Ukiondoka ukiwa umeinamia upande mmoja, utaendelea kupinduka upande huohuo mpaka mwendo uongezeke. Mtu anayeanguka bila upepo wa kuanzia hushuka karibu mita 40 katika sekunde 3, na hapo mwendo wake bado haujafika kilomita 100 kwa saa. Inamchukua takriban sekunde 6, na mita 150 za kimo, kuufikia mwendo ule ambao ndege ingempa tangu mlangoni.

Sasa fikiria kinachofanya parachuti ifunguke. Unapotupa ile parachuti ndogo ya kuvuta, yenye upana wa sentimita 60 hadi 75 kwa vifaa vya kawaida vya kurukia kutoka kwenye ndege, upepo unaijaza, inachomoa pini ya begi, kisha inatoa mfuko wenye parachuti kubwa na kunyoosha kamba. Nguvu yake inafuata mraba wa mwendo. Mwendo ukipungua kwa nusu, mvuto unabaki robo. Kwa hiyo parachuti ya kuvuta inayofanya kazi vizuri katika kilomita 190 kwa saa inaweza kusitasita katika kilomita 60, ikachezacheza kwenye hewa iliyovurugika nyuma ya mgongo wako, au ikajizungusha mguuni ikiwa unapinduka. Warukaji wa majabali na madaraja wanalijua hili, na ndiyo maana hutumia parachuti za kuvuta zenye upana unaofika hata sentimita 120 wanapofungua wakiwa na mwendo mdogo. Hata hivyo, usiazime kifaa chao na kukitia kwenye begi lako, kwa sababu ukubwa huo kwenye mwendo wa kilomita 190 unaweza kuivuta parachuti nje kwa kishindo kinachoumiza shingo na kuchana kitambaa. Ukubwa wa parachuti ya kuvuta unapangwa na fundi mwenye leseni, akijua unatoka wapi na unafungua kwa mwendo gani.

Kuna pia slaida, kile kitambaa cha mstatili kinachopita kwenye kamba na kupunguza ukali wa kufunguka. Imetengenezwa ikabiliane na upepo mkali. Upepo ukiwa dhaifu, parachuti inachukua muda mrefu zaidi kujaa, nawe unaendelea kushuka huku ukiitazama.

Hapo ndipo ukubwa wa parachuti yako unapoingia. Kwa kilo 80 za mwili, pamoja na vifaa na mavazi, tuseme kilo 92. Kwenye futi za mraba 230 ulizojifunzia, kila mita ya mraba ilibeba kilo 4.3. Kwenye 107 itabeba zaidi ya kilo 9. Parachuti yenye mzigo wa namna hiyo haisamehe. Kamba zikifunguka zikiwa zimejisokota, jambo ambalo ni rahisi kutokea kwa mtu aliyetoka akiwa anapinduka, ile kubwa ya mwanafunzi mara nyingi inabaki ikielea huku wewe ukipiga mateke na kujisokotoa taratibu. Ndogo inaingia kwenye mzunguko mkali, inakutupa pembeni na kumeza kimo kwa kasi ambayo hutaiamini. Ningekushauri kwa moyo wangu wote uiache hiyo ya 107 nyumbani. Hata kutoka kwenye ndege, mtu hupunguza ukubwa hatua kwa hatua chini ya macho ya mkufunzi, na kushuka kwa zaidi ya nusu kwa mara moja kwa sababu tu mtumba ulipatikana kwa bei nzuri si hatua. Ukitaka kujaribu paraglaida, nenda na parachuti kubwa, tulivu, ambayo umeshairuka mara nyingi na unajua tabia yake inapofunguka kwa mwendo mdogo.

Kuhusu sekunde, jibu langu ni kwamba upange kwa kimo, na sekunde ziwe msaada tu. Chama cha warukaji cha Marekani, ambacho kanuni zake hufuatwa na wengi hata nje ya nchi hiyo, kinamtaka mwenye leseni ya ngazi ya A, ile ya kuanzia, afungue si chini ya futi 3000, yaani takriban mita 900 juu ya ardhi. Kwa mwanafunzi na mwenye leseni ya A, uamuzi wa kuitupa parachuti kuu yenye hitilafu na kufungua ya akiba unatakiwa uwe umefanyika kwenye futi 2500, kama mita 760. Kwa kuwa unatoka kwenye hewa iliyokufa na parachuti itachelewa kujaa, ongeza akiba juu ya hapo. Kwa mara ya kwanza nisingetoka chini ya mita 1500 juu ya uwanja wa kutua. Ukihesabu sekunde 6 hadi 8 utakuwa umeshuka mita 150 hadi 240, mwili umetulia na mwendo umekuwa wa kutosha, nawe bado uko juu ya mita 1200. Kama siku hiyo hewa haipandi na rubani hafiki mita 1500, shukeni wote wawili na paraglaida. Hilo mliafikiane mkiwa chini, kabla ya kuvaa kofia, kwa sababu ukishakuwa juu hamu huwa inashinda akili.

Ninasema juu ya uwanja wa kutua kwa makusudi. Iten iko ukingoni mwa bonde la Kerio, kwenye mwinuko wa karibu mita 2400 kutoka usawa wa bahari, na sakafu ya bonde iko zaidi ya mita 1000 chini ya ukingo huo. Ukiizungusha altimita yako, yaani kipimo cha kimo, hadi sifuri mkiwa ukingoni na mkakusudia kutua bondeni, namba zote utakazosoma zitakuwa si za kweli. Vilevile, mita 1500 juu ya bonde si mita 1500 juu ya genge. Rubani lazima awe ametoka mbali na ukuta wa mlima kabla hujajiachia, maana upepo ukikusogeza nyuma, ardhi unayoiona chini yako inaweza kuwa ni ile ya juu. Tena, hewa ya huko ni nyepesi kuliko ya Diani ulikojifunzia ukiwa usawa wa bahari, na parachuti ileile itatua kwa kasi zaidi, kiasi cha asilimia 5 hata kwenye sakafu ya bonde.

Kifaa kinachofungua parachuti ya akiba bila mrukaji kukigusa kinastahili aya yake, kwa kuwa hapa ndipo warukaji wenye uzoefu wa ndege tu wanapoteleza. Chukulia aina ya CYPRES ya kawaida ya warukaji wenye ujuzi: inafungua akiba kwenye kimo cha karibu mita 225 ikiwa bado unaanguka kwa kasi inayozidi mita 35 kwa sekunde. Kimo hicho inakipima kutoka mahali ulipoiwasha. Ukiiwasha Iten ukingoni bila kuiambia kwamba utatua chini zaidi, itaamini kwamba ardhi ni ile ya ukingoni. Utapita mita 225 juu ya usawa wa ukingo ukiwa katika kuanguka huru, pengine wakati uleule mkono wako unatupa parachuti ya kuvuta, na kifaa kitaitoa akiba. Utajikuta na parachuti mbili kichwani. Na kama shida ya kweli ingetokea bondeni, kifaa hichohicho kingekaa kimya, kwa kuwa kwa hesabu zake umeshapita chini ya ardhi. Dawa ni kuingiza tofauti ya mwinuko kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoelekeza. Soma kitabu cha modeli yako, kwani haziko sawa zote.

Upande wa kutoka, kuna kazi mbili ambazo msizifanye kwa mara ya kwanza mkiwa angani. Ya kwanza ni kujifungua kutoka kwenye paraglaida. Utakuwa umevaa mikanda ya parachuti yako ndani na kiti cha abiria juu yake, na vifungo vya kiti havikuundwa vifunguke vikiwa vimebeba uzito. Zipo karabina maalumu, yaani pete za chuma za kuunganishia, zinazofunguka zikiwa na mzigo, na ni lazima mzitumie kwa jozi, mkiwa mmeshafanya mazoezi mkining'inia kwenye boriti imara, tena na tena, mpaka pande zote mbili ziachie kwa pamoja bila kusita. Mtu aliyefungua upande mmoja akabaki amening'inia kwa mwingine anaweza kuipindua paraglaida nzima na kumwua rubani pamoja naye. Hakikisheni kwamba hakuna kamba ya kiongeza mwendo, mkanda wa kamera wala mshipi wowote wa kiti uliopita juu ya begi lako au kwenye mpini wa parachuti ya kuvuta. Rubani na auguse mpini huo kwa mkono wake kabla hujaondoka, maana wewe huoni mgongoni kwako.

Ya pili ni rubani mwenyewe. Ukimwacha, karibu nusu ya uzito uliokuwa ukining'inia chini ya bawa unapotea kwa mara moja. Bawa lina mwendo uliozidi kwa mzigo uliobaki, kwa hiyo linapanda na kubaki nyuma kidogo, kisha linarudi mbele kwa kishindo. Rubani asiyetarajia anaweza kulipoteza likajikunja. Anatakiwa awe anaruka moja kwa moja, mikono yote miwili kwenye breki, alizuie linapochomoza mbele, wala asigeuke kukutazama mpaka litulie. Kubalianeni pia kwamba yeye atageukia kushoto na wewe, parachuti ikishafunguka, utageukia kulia.

Wewe mwenyewe uondoke uso ukielekea kule mnakokwenda, kifua mbele, mgongo umejipinda kama upinde, macho kwenye upeo wa mbali. Usijisukume kwa miguu. Mguu mmoja ukisukuma zaidi ya mwingine ndio mwanzo wa kupinduka. Ukipinduka, usiharakishe kutupa parachuti ya kuvuta katikati ya magoti yako. Shikilia upinde, mwendo utakuja na mwili utageuka wenyewe. Hii ndiyo faida ya zile mita za akiba.

Kuna kitu kimoja kidogo cha kukagua asubuhi ya safari. Parachuti nyingi za kuvuta za siku hizi hujikunja zenyewe baada ya kazi, na ni lazima zitegwe upya wakati wa kufunga begi. Kwenye mkanda unaoiunganisha na parachuti kuu, karibu na pini, kuna kidirisha kidogo. Ukiona ndani yake uzi wa rangi, umeitega. Ukiona kitambaa kitupu, ulisahau, na ukiitupa itapepea nyuma yako kama kitambaa cha kichwa bila kuvuta chochote. Katika mwendo mdogo wa paraglaida, hata iliyotegwa nusu haitoshi.

Na ukiwa bado hujafikisha mazoezi ya kutosha kutoka kwenye ndege, ahirisha. Mwulize mkufunzi wako wa Diani kwa uwazi kama anaona uko tayari, na umwonyeshe barua hii.

SWALI: Mimi ni mama wa Kimara. Mwanangu alijifunza paraglaida nje ya nchi alipokuwa masomoni na amerudi na vifaa vyake. Chini ya kiti chake kuna kijimfuko cha parachuti ya akiba. Anasema siku moja atatoka kwenye kiti akiwa juu na kushuka kwa hiyo kaparachuti, ili aone inavyokuwa. Je, nimkataze?

JIBU: Shikamoo mama. Ndiyo, mkataze, na ikiwezekana asome jibu hili mwenyewe.

Parachuti ile imeunganishwa na kiti na imetengenezwa itupwe kwa mkono rubani akiwa bado ndani ya kiti chake, pale paraglaida inapoharibika kiasi kwamba hairudi. Haina slaida ya kupunguza kishindo na haikuundwa kwa mtu aliyeanguka huru kwa sekunde kadhaa. Ikifunguka kwa mwendo huo inaweza kuchanika au kumvunja aliyeibeba. Tena ni moja tu. Anayeruka kwa makusudi hubeba mbili, ili ya kwanza ikikataa abaki na nyingine.

Yapo mambo ya kweli ya kujifunza kuhusu kijimfuko hicho, na mwanao angefaidika kuyafanyia mazoezi akiwa amening'inia chini ya mti, huku wewe ukimwangalia. Hitilafu ikitokea karibu na ardhi, asipoteze muda kupigana na bawa. Autazame mpini, aushike, autoe mfuko kwa nguvu, kisha autupe mbali kwenye hewa iliyo wazi, si juu kwenye kamba zilizojisokota. Parachuti ikishajaa, avute bawa la paraglaida kwa mikono ili lisiendelee kuruka, kwa sababu bawa na parachuti vikivutana kila kimoja upande wake, vyote viwili hupoteza uwezo wa kubeba na mtu hushuka kwa kasi. Kiwango cha Ulaya kinachoitwa EN 12491 kinataka parachuti ya namna hii ishuke si zaidi ya mita 5.5 kwa sekunde. Huko ni kama kuruka kutoka juu ya ukuta wa mita moja na nusu, kwa hiyo atue miguu ikiwa imebanwa pamoja, magoti yamekunjwa kidogo, na ajiviringishe ubavuni.

SWALI: Mimi niko Sinza. Paraglaida na parachuti si kitu kimoja? Mbona moja inatandazwa chini na nyingine inafungwa begini?

JIBU: Ni ndugu wa tumbo moja. Domina Jalbert wa Marekani alibuni katika miaka ya 1960 bawa la kitambaa lenye vyumba vinavyojazwa na upepo kutoka mbele, na parachuti za mraba zikatokana nalo. Mwezi Juni 1978, huko Mieussy nchini Ufaransa, Jean-Claude Bétemps, André Bohn na Gérard Bosson wakakimbia na parachuti hizo kwenye mteremko wa mlima ili wasigharamie ndege. Paraglaida ikaanzia hapo. Baadaye zikaachana: paraglaida ikawa ndefu, yenye kamba nyembamba, inayoelea kwa masaa, parachuti ikabaki fupi na ngumu ili ivumilie kufunguliwa katikati ya kuanguka. Paraglaida ya kawaida ikifunguliwa kutoka begini kwa mwendo wa kilomita 190 kwa saa, kamba zake zitakatika.

SWALI: Naishi Mbezi Beach. Je, tunaweza kufanya haya hapa Dar es Salaam, tukaruka juu ya bahari ambako ni laini?

JIBU: Anga ya jiji hili iko karibu na njia za ndege zinazoingia na kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Usipae wala kuruka kabla ya kuiandikia Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania na kupata kibali. Ndani ya hifadhi za taifa, Kilimanjaro ikiwamo, kuna ruhusa nyingine ya kuombwa kwa wenye hifadhi. Na bahari haina ulaini wowote kwa mtu aliyefungwa mikanda chini ya kitambaa kilicholowa. Asiyevaa boya akazungukwa na kamba huzama mbele ya macho ya watu. Upepo wa alasiri kutoka baharini nao humrudisha mtu kwenye nyaya za umeme na mapaa.

SWALI: Parachuti yangu ililowa maji ya chumvi Kunduchi, nikaianika juani siku nzima na kuiweka stoo. Itafaa?

JIBU: Isitumike kabla fundi mwenye leseni hajaifungua yote. Chumvi ikikauka ndani ya nailoni na kwenye kamba hubaki kama vipande vya kioo vidogo vinavyosaga nyuzi kila inapofungwa, na jua kali hudhoofisha nailoni hata kama rangi haijapauka. Isuuze sasa kwa maji baridi yasiyo na chumvi wala sabuni, mara kadhaa, kisha uianike kivulini penye hewa. Kagua pete za chuma na pini kama zina kutu. Kifaa kinachofungua akiba chenyewe kipelekwe kwa wakala wa mtengenezaji, kwa kuwa maji ya chumvi yakishaingia huwezi kuyaona kwa nje. Stoo yako isiwe na petroli, betri za gari wala panya, na kwa unyevu wa Dar es Salaam begi liwe juu ya rafu, mbali na ukuta. Parachuti ya akiba ifunguliwe na kufungwa upya hata kama haijaguswa: sheria ya Marekani inataka hivyo kila baada ya siku 180, na kwa joto letu sioni sababu ya kungoja zaidi.